Mercedes E320 ya 2003 au E350 ya 2006: ipi haitakula duka lako?

Swali: «Nauza dawa Kamalondo, hapa Lubumbashi, naishi Kampemba, na mara mbili kwa mwezi napeleka mzigo Likasi. Nimeonyeshwa Mercedes mbili zilizoingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa: E320 ya 2003 na E350 ya 2006. Bei karibu sawa, zote usukani uko kushoto, zote zinang'aa. Shemeji yangu anasema Mercedes ya zamani ni kujinunulia umaskini. Ni kweli? Kama si kweli nichukue ipi, na kwa mwaka itanila kiasi gani?»

Mama, salamu nyingi. Shemeji yako anasema anachokiona kila siku mjini Lubumbashi: Mercedes zimelala uani, matairi yameisha upepo, mwenyewe anasubiri kipuri kifike. Mara nyingi chanzo ni hesabu iliyofanywa nusu. Gari hilo lilipokuwa jipya lilikuwa la mkurugenzi wa kampuni. Leo bei yake imeshuka hadi kuikaribia ya Toyota ndogo, lakini pampu yake ya breki, giaboksi yake na kompyuta zake bado zinauzwa kwa bei ya gari la mkurugenzi. Ukinunua unalipa bei ya leo, ukitengeneza unalipa bei ya jana.

Nikujibu moja kwa moja, halafu nieleze. Kati ya hizo mbili, ya kutazamwa ni E320. E350 ya 2006 iache, isipokuwa muuzaji akuonyeshe karatasi ya kazi moja ambayo nitaitaja hapa chini. Na hata hiyo E320, usitoe dola moja kabla hujajua ukweli wa usukani wake, rejeta yake (kipozea maji ya injini) na breki zake.

Naanza na usukani, maana kuukagua ni bure. Zambia, Tanzania na Afrika Kusini wanapita kushoto, kwa hiyo magari mengi yanayopanda kuja kwetu kutoka huko usukani wake uko kulia. Baadhi yake usukani huhamishiwa kushoto kabla ya kuuzwa hapa. Kwa gari la kawaida kazi hiyo ikifanywa vibaya ni hatari, kwa hili ni hatari mara mbili, kwa sababu breki, usukani na dashibodi vimefungwa kwenye mtandao mmoja wa nyaya. Omba namba ya chesisi. Utaikuta kwenye kibao chini ya kioo cha mbele, na imegongwa pia kwenye sakafu upande wa kiti cha mbele cha kulia, chini ya zulia. Ina herufi na tarakimu 17. Ikianza na WDB211, basi ni gari la kizazi cha W211, kilichotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2009. Tarakimu tatu zinazofuata ni aina ya gari: 065 ni E320, 056 ni E350. Sasa tazama tarakimu ya kumi, ile inayofuata mara moja. Ikiwa ni 1, gari lilitoka kiwandani usukani ukiwa kushoto. Ikiwa ni 2, ulikuwa kulia. Ukiona 2 na usukani uko kushoto, shukuru, funga mlango, nenda zako. Magari yaliyouzwa kwanza Marekani yana mpangilio mwingine wa namba, yanaanza WDBUF. Hayo yote yalizaliwa na usukani kushoto. Hakikisha pia kwamba namba ya kwenye sakafu, ya kwenye kibao na ya kwenye karatasi za forodha na karte rozi (kadi ya gari) ni ileile, herufi kwa herufi.

Sasa E350, nieleze kwa nini naiogopa. Injini yake inaitwa M272, ya V6, yaani silinda sita, lita 3.5. Ina nguvu, ni laini, na ukiijaribu utaipenda. Ndani yake kuna shafti inayozunguka ili kutuliza mtikisiko, na cheni ya taimingi inapita kwenye gia ya meno iliyo juu ya shafti hiyo. Katika injini za miaka ya kwanza, chuma cha gia hiyo kilitoka kilaini kuliko inavyotakiwa. Meno yanalika kidogo kidogo, cheni inalegea, kamshafti (shafti za kufungua vali) zinapoteza mpangilio wake, taa ya injini inawaka. Mpaka uliowekwa na kiwanda unajulikana: namba za injini za M272 hadi tarakimu za mwisho 468993 zimo katika kundi la wasiwasi. Gari la 2006 kwa kawaida limo humo.

Gia yenyewe ni kitu kidogo, kinashikika mkononi. Lakini shafti imekaa ndani kabisa ya bloki, na kuitoa kunataka injini ishushwe yote, ifunguliwe mbele, ibadilishwe shafti, cheni na vinavyoambatana nayo, kisha irudishwe na kupangwa upya. Fundi asiye na vifaa vya kushikilia kamshafti anaweza kuimaliza injini kabisa katika kuirudisha. Hapa kwetu mafundi wenye vifaa hivyo wapo, ila ni wachache, na wanajua thamani yao. Mtu aliyelipia kazi hiyo hatupi karatasi yake; ndiyo hoja yake kubwa ya kuuzia gari. Muuzaji akikwambia «ilishatengenezwa» bila karatasi yenye namba ya chesisi, hesabu kwamba haijatengenezwa.

Ukitaka kuikagua hata hivyo, kuna njia isiyohitaji kufungua injini. Kompyuta ikisoma kodi za makosa P0016 hadi P0019, hiyo ni dalili ya kamshafti kutokubaliana na krankshafti, shafti kuu ya injini. Lakini kodi hufutika, na muuzaji mjanja huzifuta asubuhi. Kwa hiyo fundi azungushe krankshafti kwa mkono hadi alama ya digrii 305 kwenye puli ya mbele, atoe sensa za kamshafti, kisha achungulie kwa tochi kwenye matundu yake. Alama ya gurudumu la ndani inatakiwa kuonekana katikati ya tundu. Ikiwa imesogea upande, meno yameshalika. Fundi akikuambia hajawahi kufanya hivyo, tafuta mwingine, kwa heshima.

Giaboksi ya E350 nayo ina mambo yake. Ni ya gia saba, 7G-Tronic, na kompyuta yake imekaa ndani ya giaboksi, kwenye oili ya moto. Sensa za humo zikifa, gari linakataa kubadili gia. Na kompyuta hiyo imefungwa kwa namba ya gari lako: huwezi kutoa ya gari lililogongwa, kuifunga tu na kuondoka. Lazima isajiliwe upya na mtu mwenye mashine.

Nije kwa E320. Injini yake ni M112, ya V6 pia, lita 3.2, na hii naisema bila kusita: ni katika injini bora kabisa ambazo Mercedes imetengeneza katika miaka hiyo. Haina ile shida ya gia. Itavuja oili kidogo kwenye vifuniko vya juu, jambo la gasketi na siku moja ya kazi. Puli ya mbele ya krankshafti ina mpira katikati. Mpira ukichoka puli inayumba, na ikiachwa inaweza kukwangua na kuharibu vilivyo jirani, kwa hiyo simama mbele ya gari injini ikiwaka, uitazame kwa pembeni. Kila silinda ina plagi mbili, jumla 12. Siku ya kubadilisha plagi usishangae fundi akitaja idadi hiyo, hakuibii.

Tatizo la E320 ya 2003 liko mbele ya injini. Magari ya miaka ya kwanza yaliyofungwa rejeta ya Valeo yana ugonjwa unaojulikana dunia nzima. Oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta hiyohiyo ya maji, kwenye bomba lililotengwa. Kiungo cha ndani kikipasuka, maji yenye glaikoli yanaingia kwenye oili ya giaboksi. Glaikoli inashambulia sahani za klachi humo ndani, na kiasi kidogo sana kinatosha kuiua giaboksi nzima. Na juu ya rejeta huoni kitu. Hakuna tone chini ya gari.

Unaihisi barabarani. Litoe gari kwenye barabara ya Likasi, palipo na lami nzuri, uende polepole kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa, mguu umegusa tu mafuta. Gari likitetemeka kwa vipindi vifupi, kana kwamba linapita juu ya matuta madogo yaliyochorwa barabarani, kisha likitulia ukikanyaga zaidi, usilinunue. Kama halitetemeki, mwambie fundi achungulie lebo ya rejeta. Ikiwa imeshabadilishwa na kuwekwa Behr, vizuri, uliza lini na kwa nini. Ikiwa bado ni ya zamani, kazi yako ya kwanza, kabla hata ya kupeleka mzigo mmoja Likasi, ni rejeta mpya na oili mpya ya giaboksi, lita nane kasoro kidogo, pamoja na filta yake. Usimsikilize anayesema oili ya giaboksi hiyo haibadilishwi maisha. Kiwanda kilisema hivyo mwanzoni, baadaye chenyewe kikaagiza ibadilishwe kwenye kilomita 60,000. Pale chini, upande wa kulia wa giaboksi, kuna konekta nyeusi ya plastiki yenye mipira midogo miwili. Ikichoka, oili inapanda ndani ya nyaya hadi kwenye kompyuta ya giaboksi. Ni kipuri cha bei ndogo sana. Badilisha bila kuuliza.

Sasa breki, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu jambo hili linahusu E320 hiyo, na E350 pia ikiwa ilitengenezwa kabla ya katikati ya 2006, na linahusu maisha ya watu.

W211 zote zilizotengenezwa kabla ya mabadiliko ya katikati ya 2006 zina mfumo unaoitwa SBC. Ukikanyaga pedali, kwa kawaida mguu wako hausukumi mafuta ya breki moja kwa moja. Kompyuta inasoma umekanyaga kiasi gani, kisha pampu ya umeme ndiyo inayosukuma kila gurudumu. Ukifungua mlango utaisikia ikinguruma kidogo chini ya boneti, inajiandaa. Mwaka 2004 Mercedes iliita magari yapatayo 680,000 kwa ajili ya mfumo huu, mwaka 2005 ikaita mengine, na katika mabadiliko ya 2006 ikauondoa kabisa kwenye W211.

Pampu hiyo inahesabu. Kila ukikanyaga breki inaandika, na ikifikia kikomo chake inawasha onyo jekundu kwenye dashibodi: peleka gari garaji. Ikizimika kabisa, pedali inashuka mbali, inakuwa ngumu, na unabaki na breki za magurudumu ya mbele tu, kwa nguvu ya mguu wako mwenyewe. Fikiria hilo nyuma ya lori la madini kwenye mteremko. Kwa hiyo kabla ya kununua, fundi mwenye kompyuta ya Star, ile ya kupimia Mercedes, asome hesabu ya pampu na kodi zake. Kuna watu wanaorudisha hesabu hiyo kwenye sifuri kwa pesa kidogo. Taa inazimika, pampu inabaki ileile ya zamani. Gari la miaka 20 lenye hesabu ndogo sana bila karatasi ya pampu mpya limechezewa.

Na kwa mafundi watakaokubadilishia pedi za breki: mfumo huu lazima uzimwe kwanza kwa kompyuta. Ukiachwa hai, magurudumu yametolewa, pedi zimetolewa, fundi ameweka vidole kwenye kalipa, halafu mtoto akafungua mlango au mtu akabonyeza rimoti mfukoni, pampu itaamka yenyewe na pistoni zitatoka kwa nguvu ya kukata vidole. Ukimpelekea fundi gari, muulize kwanza: «SBC unaizimaje?» Asipokuwa na jibu, asiguse.

Kuhusu shokapu nitasema machache. Uliza kama gari ni la springi za chuma au la upepo, linaloitwa Airmatic. Kwenye E320 na E350 upepo ulikuwa wa kuchagua, na utaujua kwa kitufe cha kupandisha gari karibu na gia. Kwa barabara za Kampemba na mashimo ya baada ya mvua, la upepo likatae. Mifuko yake ni mpira, mpira huzeeka, ukivuja kompresa inafanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Ukimkuta muuzaji amewasha gari kabla hujafika, rudi siku nyingine asubuhi, ulikute limelala usiku kucha, uone kama limeinama upande. Hata lenye springi litataka bushi na boljointi za mikono ya mbele mapema kuliko kitabu kinavyosema. Chagua pia lenye matairi ya 225/55 R16 kuliko yale mapana ya inchi 17. Mpira mnene unalinda rimu na unalinda mgongo wako.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo kitabu cha gari hakilijui. Mjakaranda unachanua Septemba na Oktoba, na maua yake yanaingia chini ya waipa, kwenye mfereji wa kupitishia maji ya kioo. Yanaoza, yanaziba. Mvua za Novemba zikifika, maji hayana pa kutokea, yanatafuta njia hadi kwenye kisanduku cha umeme kinachoitwa SAM, kilicho chini ya boneti. Ndipo unaona gari linawasha taa usiku peke yake, vioo havishuki, betri inaisha. Watu wanasema limerogwa. Fungua boneti kila Jumamosi ya miezi hiyo, toa maua kwa mkono, mwaga chupa ya maji uone kama inapita. Na wakati wa kiangazi, vumbi letu jekundu linaziba filta ya hewa upesi. Ibadilishe mara mbili zaidi ya ilivyoandikwa.

Umeniuliza pesa. Nitakupa kiasi cha vitu, bei utaweka mwenyewe ya siku hiyo. Likasi kwenda na kurudi ni kilomita 240 hivi, mara mbili kwa mwezi ni 480. Ukiongeza kilomita 25 za mjini kwa siku 26, unapata 650. Mjini, na foleni zetu, V6 hiyo itakunywa kama lita 14 kwa kilomita 100. Barabara kuu itashuka hadi 9 au 10. Jumla weka lita 140 kwa mwezi, na usinunue za bidoni barabarani, kwa sababu hujui kilichochanganywa. Kwa mwaka utakwenda kilomita 13,000 na zaidi, maana yake vidanje mbili (kubadilisha oili), kila moja lita 8 za oili safi yenye idhini ya Mercedes 229.3 au 229.5 imeandikwa kwenye kopo. Weka na seti moja ya pedi, filta, na vinyeti (kodi ya barabara), asiransi (bima) na kontroli tekiniki (ukaguzi wa gari) kama gari lolote.

Halafu kuna akiba, na hapo ndipo wengi huanguka. Kwa E320 iliyopita vipimo hivi, tenga theluthi ya bei uliyonunulia, uiweke pembeni siku ileile ya kununua, isiguswe na duka. Mwaka wa kwanza itatumika karibu yote: rejeta, giaboksi, bushi, betri. Kuanzia mwaka wa pili matumizi yatapungua, ukiwa umejaliwa pampu ya breki nzima. Kwa E350 isiyo na karatasi, tenga bei nzima kwa mara ya pili. Kama huna theluthi hiyo leo, gari hilo bado si lako, subiri.

Vipuri agiza kwa namba ya chesisi, usiagize kwa picha wala kwa kusema «ya E-Class». Namba ya kipuri halisi huanza na A, ikifuatwa na tarakimu. Iandike, ipeleke kwa muuzaji wa hapa na kwa anayeagiza kutoka Afrika Kusini au Dubai, ulinganishe. Rejeta ya Behr na boljointi za Lemförder nje ya boksi la Mercedes ni salama. Pampu ya SBC iliyotumika sikushauri kamwe.

Na kama E320 ikifeli, usirudi kwa E350 kwa hasira. Mwambie anayekutafutia akuletee E200 Kompressor ya 2007 hadi 2009, chesisi inayoanza WDB211041. Hiyo haina SBC, giaboksi yake ni ile ya gia tano iliyozoeleka, inakunywa kidogo kuliko hizo V6, na kwa safari zako za Likasi nguvu zake zinatosha hata buti likiwa limejaa katoni. Udhaifu wake ni cheni ya taimingi kurefuka. Nenda asubuhi na mapema, injini ikiwa baridi kabisa, simama karibu na boneti wakati mwingine anawasha. Mlio wa cheni kugongagonga kwa sekunde mbili tatu za mwanzo ndio unaosema cheni na gia za kamshafti zibadilishwe kabla ya kitu kingine. Ukiusikia, usikatae gari. Taja bei ya kazi hiyo, ipunguze kwenye bei yake, na msubiri muuzaji azungumze.